Kadi za "Tazama": shajara ya kupatanisha vichwa vya katalogi, Nairobi

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo tumeketi pamoja kwa mara ya kwanza, wakutubi watano kutoka maktaba nne: yetu ya jamii hapa Eastlands, ya chuo cha ualimu, ya kituo cha utafiti kule Westlands, na ile ndogo ya kanisa kando ya Ngong Road. Hakuna aliyetutuma, wala hakuna fungu la pesa. Tuna kompyuta zetu, tuna Koha, programu ya kuendeshea katalogi ambayo sote tunaitumia, na tuna alasiri za Jumatatu na Ijumaa ambazo wakubwa wetu wametukubalia.

Kazi ni kupatanisha vichwa vya katalogi. Kichwa ni lile umbo la jina au la mada ambalo vitabu hukusanyika chini yake. Maktaba moja ikiliandika jina la mwandishi hivi na jirani yake vile, vitabu vya mtu mmoja hutawanyika kana kwamba ni vya watu wawili, na msomaji haambiwi. Anaona orodha fupi, anaamini ndiyo yote, anaondoka.

Aliyetusukuma ni kijana mmoja wa chuo. Alipewa insha kuhusu Said Ahmed Mohamed, akatafuta kwenye katalogi, akapata riwaya, tamthilia na mashairi. Akaandika kwamba mwandishi huyu ni mtunzi tu, uhakiki hajaandika. Mhadhiri akamrudishia karatasi imejaa wino mwekundu, maana makala ya uhakiki yapo, tena si haba, ila mwenyewe ameyatolea kwa jina la Said A. M. Khamis. Ni mtu yule yule. Majarida yenye makala hayo yalikuwa rafuni, hatua chache kutoka meza aliyokalia kijana. Alikuja kutuuliza kwa upole mbona hatukumwambia. Sikuwa na la kumjibu, na swali lake limekaa nami tangu siku hiyo.

Wiki ya 1, Ijumaa

Tumetoa orodha za waandishi kutoka katalogi zote nne na kuzimimina kwenye OpenRefine, programu ya bure inayoweka pamoja maneno yanayokaribiana ili mtu aamue kama ni kitu kimoja. Ngũgĩ wa Thiong'o peke yake tumemkuta kwa sura saba: Ngugi, James; Ngugi, J.; Ngugi wa Thiongo; Ngugi wa Thiong'o; Ngũgĩ wa Thiong'o; Thiong'o, Ngugi wa; na Wa Thiong'o, Ngugi.

James Ngugi si kosa la mtu. Ndilo jina lililochapwa kwenye Weep Not, Child mwaka 1964, kabla hajaliacha la ubatizo. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazoniuma, kwa kuwa zimetoka kwenye mazoea ya kulichukua neno la mwisho na kulisukuma mbele kana kwamba kila jina duniani lina ukoo mkiani. Thiong'o ni baba yake. Anayemtafuta Ngũgĩ kwenye herufi T anatafuta mzee ambaye hakuandika vitabu hivyo.

Halafu kuna ritifaa, kile kialama cha ng'. Nimekaa nayo saa nzima leo. Ile ya kwenye kibodi ya kompyuta imenyooka. Ile ambayo simu na programu za kuandikia hujiwekea imepinda. Na rekodi zinazotoka Maktaba ya Bunge la Marekani hutumia herufi ya tatu, inayofanana na hiyo ya pili lakini mashine huihesabu kuwa nyingine kabisa. Kwa jicho, Thiong'o ni mmoja. Kwa mashine wako watatu, na wa nne ni yule asiye na ritifaa. Kina Ng'ang'a na Nyong'o wamepatwa na hali hiyo hiyo. Nilifarijika kujua kwamba maktaba zinazoshirikiana huko nje zilikwisha kutunga kanuni ya kulinganisha vichwa: kabla ya kuuliza kama vichwa viwili ni kimoja, mashine huondoa ritifaa, huvua alama za juu za ĩ na ũ, na kuzifanya herufi kubwa na ndogo kuwa sawa. Zikilingana baada ya hapo, ni kichwa kimoja. Msomaji anayeandika kwa simu bila alama hizo naye apate kitabu chake. Kwangu hilo ni jambo la haki.

Wiki ya 2, Jumatatu

Sijui kama katika mradi huu nitapata siku nyingine kama ya leo. Mzee wetu wa maktaba ya kanisa alituambia kuna kabati la zamani la kadi stoo, nyuma ya viti vibovu. Tukalitoa, tukafuta vumbi, tukavuta droo ya N. Katikati ya kadi za vitabu palikuwa na kadi moja isiyo na kitabu. Imepigwa taipu, ukingo wake wa juu umekuwa mweusi kwa vidole vya watu:

NGUGI, JAMES
tazama
NGUGI WA THIONG'O

Basi. Mistari mitatu. Mtu fulani aliyetutangulia, ambaye hakuna anayemkumbuka jina, aliona tatizo tunalohangaika nalo leo, akalimaliza kwa kadi moja. Tukaendelea kuvuta droo. Zilikuwa nyingi: kadi za "tazama", kadi za "tazama pia", moja inamtoa msomaji kwenye jina la usichana la mwandishi hadi jina lake la ndoa, nyingine inatoka "Tanganyika" kwenda "Tanzania".

Ndipo tukaelewa kilichotokea. Maktaba hii ilipohamia kwenye kompyuta, vijana waliolipwa kuingiza data waliambiwa waingize kadi za vitabu. Kadi za "tazama" hazina kitabu, hazina nambari ya rafu, kwa hiyo ziliachwa. Nimeuliza wenzangu wa chuo na wa Westlands: kwao ilikuwa vivyo hivyo. Tulihamisha vitabu vyote tukaacha njia za kuvifikia.

Nimebadilisha mpango wa mradi jioni hii. Tulikuwa tumepanga kwanza kuchagua umbo moja sahihi la kila jina, mengine tuyafute. Sasa hatufuti kitu. Kila umbo tutakalolikuta litaingia kama rejea, liwe zuri au baya, maana kwa kila moja kuna mtu aliyemjua mwandishi kwalo.

Wiki ya 3, Ijumaa

Siku ya kusoma jinsi wengine wanavyofanya. Naandika kwa kirefu kidogo kwa sababu wenzetu wawili hawakuwepo.

Mpango mkubwa wa maktaba kushirikiana rekodi za majina unaitwa NACO. Ulianza mwaka 1977 kwa makubaliano kati ya Maktaba ya Bunge la Marekani na ofisi ya uchapishaji ya serikali ya huko: badala ya kila mmoja kutafiti jina lile lile, watumie faili moja. Maktaba nyingine zikajiunga, na tangu 1995 mpango huo uko ndani ya ushirika mpana zaidi wa uorodheshaji. Ndugu yake anayeshughulikia mada huitwa SACO. Jambo lililotugusa ni kwamba maktaba ndogo hailazimiki kuingia peke yake. Kadhaa hujikusanya chini ya mratibu mmoja, hupewa mafunzo, rekodi zao hukaguliwa mpaka zikomae, na mchango wao hupita kwa mlango mmoja. Wale wa mada za Afrika wana kundi lao la namna hiyo.

Rekodi ya jina ina sehemu zenye nambari. Ya 100 ndilo umbo lililokubaliwa. Za 400 ni "tazama", za 500 ni "tazama pia". Yaani kadi zetu za stoo, zimevaa nambari tu. Ila iko moja ambayo kadi hazikuwa nayo, ya 670, na hiyo ndiyo nimeipenda kuliko zote. Ndani yake mkutubi huandika alichokiona na alikokiona: kitabu gani, mwaka gani, jina limeandikwaje kwenye ukurasa wa mbele. Mkutubi wa nchi nyingine akiona umbo fulani na kulitilia shaka, hana haja ya kubishana naye. Anasoma ushahidi. Bila hiyo, makubaliano ni amri ya aliyetangulia.

Pia tuliangalia VIAF, iliyoanza 2003 kwa maktaba za taifa za Ujerumani na Marekani pamoja na OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba. Hiyo haimlazimishi mtu umbo moja. Kila nchi hubaki na lake, na mashine hufunga yote fundo moja kwamba ni mtu yule yule. Dada wa Westlands alisema hii ndiyo inatufaa sisi. Mimi nadhani tunahitaji zote mbili: umbo moja kati ya maktaba zetu nne, na fundo kati yetu na dunia.

Jambo la mwisho. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi hapa Nairobi tangu 1966, inayokusanya na kuorodhesha machapisho ya Afrika Mashariki na nchi nyingine za bara. Kwa hiyo majina mengi ya waandishi wetu tayari yana rekodi nzuri, na kuzitafuta mtandaoni na kuzipakua ni bure. Tumekubaliana: tutafute huko kwanza, tuandike wenyewe pale tu tunapokosa.

Wiki ya 4, Jumatatu

Tumebishana kuhusu Shaaban Robert. Maktaba mbili zina "Robert, Shaaban", mbili zina "Shaaban Robert". Mzee wa kanisa alishikilia kwamba sheria ni sheria, jina la mwisho mbele. Dada wa chuo akamuuliza, "Mzee wangu, umewahi kusikia mtu akisema amesoma mashairi ya Robert?" Chumba kikanyamaza.

Tumeamua tufuate namna mwandishi anavyoitwa na watu wa lugha yake, na tuweke umbo la pili kama rejea. Kwa majina yenye "wa", "bin", "binti" na "arap", jina la mtu mwenyewe linatangulia, labda yeye mwenyewe awe amelitumia la mwisho kama la ukoo. Wapo Wakenya wengi wa kisasa wanaofanya hivyo na ni haki yao. Hakuna kanuni moja itakayotuondolea kazi ya kufungua kitabu na kutazama.

Wiki ya 5, Ijumaa

Nimekosea, na lazima niandike vizuri ili asirudie mwingine.

Katalogi ya kanisa ilikuwa na "Mohamed, M. S." Nikaona Mohamed, nikaona S, nikaiunganisha na rekodi ya Said Ahmed Mohamed. Kumbe ni Mohamed Suleiman Mohamed. Kwa kubofya mara moja nimempa mwandishi wa Utengano vitabu vya Kiu na Nyota ya Rehema. Wazanzibari hawa wawili, pamoja na Muhammed Said Abdulla wa hadithi za Bwana Msa, ndio mtego wa kila mkutubi wa Kiswahili: majina yao yametengenezwa kwa vipande vile vile, yakipangwa tofauti. Herufi za kwanza peke yake hazitoshi hata kidogo.

Koha haina kitufe cha kurudisha rekodi zilizounganishwa. Tulikwenda rafuni, tukatoa kitabu kimoja kimoja, tukasoma ukurasa wa mbele, tukatenganisha kwa mkono. Imetuchukua alasiri nzima. Kuanzia sasa hakuna anayeunganisha rekodi mbili bila mtu wa pili kuwa na kitabu mkononi.

Na la pili tulilojifunza siku hiyo hiyo. Tulirekebisha kichwa cha Ngũgĩ, tukaongeza na mwaka wake wa mwisho, 1938 hadi 2025. Rekodi ya jina ikabadilika, vitabu havikubadilika. Tulidhani mfumo umeharibika. Kijana wetu wa kompyuta akagundua kwamba, kwa mpangilio wa kawaida, rekodi ikishikamana na vitabu zaidi ya 50 Koha haivibadilishi papo hapo. Huiachia kazi hiyo programu inayojiendesha usiku, na kwenye seva yetu ilikuwa haijawashwa. Imewashwa. Asubuhi iliyofuata vyote vilikuwa sawa.

Wiki ya 6, Jumatatu

Taasisi. Kanuni yake ni kinyume cha ile ya watu. Mtu akibadili jina hubaki mtu mmoja mwenye kichwa kimoja. Taasisi ikibadili jina huhesabiwa mpya, hupewa kichwa chake, na vichwa hivyo hufungwa pamoja kama cha awali na cha baadaye. Royal Technical College ya 1956 ikawa Royal College mwaka 1961, ikawa University College mwaka 1964, ikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Ripoti ya 1962 haiwezi kuwekwa chini ya chuo kikuu ambacho hakikuwepo. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, na TATAKI iliyoirithi, vivyo hivyo: kamusi ya 1981 ni ya TUKI, TATAKI ilikuja 2009. Kazi hii ilikwenda haraka, hakuna aliyebisha.

Wiki ya 7, Jumatatu na Ijumaa

Mada ni ngumu kuliko majina, na nimetoka vikao vyote viwili nimechoka.

Sote tumekuwa tukichukua vichwa vya mada kutoka orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoanza 1898. Ina faida kubwa: anayetafuta "Swahili poetry" hapa na anayetafuta huko mbali wanafika mahali pamoja. Lakini orodha hiyo imeandikwa kwa jicho la waliokuwa mezani. Vita vya Mau Mau humo vinaitwa "Emergency", hali ya hatari, 1952 hadi 1960. Hilo ndilo neno la serikali ya kikoloni. Msomaji mmoja hapa Eastlands, ambaye babu yake alikuwa msituni, aliniuliza hatari ilikuwa ya nani. Kwa kina Gĩkũyũ, kichwa ni "Kikuyu", si jinsi wenyewe wanavyojiita.

Kijana wa kompyuta alitaka tutupe vyote tuanze upya kwa Kiswahili. Ninamwelewa. Ila tukitupa, tunajikata na wengine, na mwanafunzi wetu hataweza kuitumia katalogi yetu kama daraja. Nilimkumbusha Sandford Berman, mkutubi Mmarekani aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Zambia. Wenzake Wazambia walimwonyesha kwamba kichwa "Kafirs" kilichokuwa kwenye orodha ile ni tusi. Mwaka 1971 alichapisha kitabu kizima cha kuvitaja vichwa vya namna hiyo kimoja kimoja na kupendekeza mbadala, na vingi vilibadilishwa baadaye. Hata juzi tu, wanafunzi wa chuo cha Dartmouth kule Marekani walianza mwaka 2014 kupinga kichwa kilichowaita wahamiaji "aliens", na kilibadilishwa 2021. Miaka saba. Ni mingi, lakini mlango upo, na ufunguo wake ni ushahidi kutoka vitabuni. Sisi ndio wenye vitabu hivyo.

Kwa hiyo: kichwa cha pamoja kinabaki, na kando yake tunaweka cha Kiswahili chenye uzito ule ule mbele ya msomaji. "Ushairi wa Kiswahili", "Vita vya Mau Mau", "Wagĩkũyũ". Kila tutakapokuta kichwa kinachoumiza tutakusanya majina ya vitabu vinavyotumia neno sahihi, na yakitimia tutayapeleka kwa njia ya SACO. Faili ya Mau Mau nimeifungua Ijumaa jioni.

Wiki ya 8, Jumatatu

Kuna mwalimu mstaafu wa Pwani aliyeandika vitabu vinne vidogo vya watoto. Havina rekodi popote tulipotafuta, na vimetoka kwa majina matatu tofauti. Jina lake silitaji hapa. Mchapishaji alitufikishia ombi letu, naye akakubali tumpigie.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikajieleza. Nikamsomea majina yote matatu. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza, kisha akaeleza. Cha kwanza, waliokichapa walimwondolea "bin" wakisema jina ni refu mno kwa jalada. Alikuwa kijana, hakusema kitu. Cha pili na cha tatu alikuwa ameshajulikana, akaidai "bin" yake akarudishiwa. Cha nne kina jina ambalo wanafunzi walimpa.

"Sasa Mwalimu, lipi tulitangulize?"

"Lenye bin. Baba yangu asiachwe mlangoni."

Nikasema sawa. Nilikuwa nakaribia kuaga aliponizuia.

"Na hayo mengine msiyafute. Kuna watoto walinisoma kwa jina lile la shule, sasa ni watu wazima. Wakinitafuta watanitafuta kwa hilo."

Sikuwa nimemwambia neno kuhusu kadi za stoo.

Nilimuuliza kama tuandike tarehe yake ya kuzaliwa. Akasema mwaka tu, siku hapana. Nimeheshimu. Naona tuwe tunauliza hivi kwa kila mwandishi aliye hai. Rekodi hizi husafiri mbali, na mtu ana haki ya kujua kinachosafiri naye.

Wiki ya 8, Ijumaa

Rekodi ya Mwalimu imeingia. Sehemu ya 100 ina jina lenye "bin" na mwaka. Kuna 400 mbili. Kuna 670 nne za vitabu, na ya tano nimeiandika hivi: mazungumzo ya simu na mwandishi mwenyewe, na tarehe yake, anataka jina la baba libaki. Dada wa chuo amesoma, ameshika vitabu vyote vinne mkononi, amekubali.

Tumejaribu pia la Khamis. Ukiandika Khamis, Said sasa, katalogi inakupeleka kwenye rekodi moja, na chini yake kuna riwaya, tamthilia, mashairi na makala, kutoka maktaba zote nne. Nimemtumia yule kijana wa insha ujumbe aje aangalie.

Kadi za "tazama" tumekwisha ingiza kuanzia droo ya A hadi ya L, pamoja na N. Ya M tumeiacha kwa makusudi mpaka tuwe watano mezani. Ile ya James Ngugi tuliipiga picha, tukairudisha kwenye droo yake.